Nusu Sahani ya Mchezaji Raga

Juzi, kwenye kihoteli cha Mtanzania pale Rosettenville, Afrika Kusini, kijana mwenye mabega mapana, mchezaji raga wa chuo, aliomba nusu sahani ya ugali.

"Unaumwa, mwanangu?" mama mwenye kihoteli akauliza, mwiko juu.

"Siumwi, mama. Kocha mpya anataka mpira utoke haraka. Sisi wa mbele tuliozoea kusukumana na wapinzani, sasa tukimbie. Kaniambia nipungue uzito. Nikichelewa kuufikia mpira kwenye mechi ya Jumamosi, nafasi yangu anapewa mwingine."

"Na kusukuma, nani atasukuma?"

"Eish, mama! Sisi hao hao."

Mama akamjazia sahani. Kijana akala yote, kichwa kimeinama.

Raga siijui, ila nasema wazi: huyo kocha amemwongezea mtu kazi, akampunguzia chakula, halafu anaita hiyo mbinu.