Matanga ya Kocha

Jumamosi nilikuwa mkahawani, soko la Walthamstow huku Uingereza, nikinywa chai na bibi mmoja wa Unguja, jirani yangu wa ukuta mmoja. Kwenye meza ya dirishani alikaa mwanamume peke yake. Watu walimtazama, wakanong'ona, kisha kila mmoja akazama kwenye simu yake. Meza zote za karibu naye zilikuwa tupu.

"Kafiwa yule?" bibi akauliza.

"Hajafiwa, bibi. Ni kocha. Zamani alikuwa mfungaji wa timu ya hapa, watu wakimbeba mabegani. Juzi wamemfukuza, timu inashuka daraja."

"Basi mbona hakuna anayekwenda kumpa pole?"

Kabla sijamweleza kwamba huku mtu hasumbuliwi, alishachukua kikombe chake, akaenda kuketi mbele ya yule Mwingereza. "Pole, mwanangu," akasema kwa Kiswahili, halafu akanyamaza, kama tunavyokaa matangani. Mwingereza alishtuka, akatazama huku na huku, kisha mabega yakamshuka. Wakakaa hivyo mpaka chai ikapoa. Mwishowe yule kocha alimwuliza kitu, bibi akamjibu kwa Kiingereza chake kifupi.

Tulipotoka nikataka kujua wamezungumza nini.

"Kaniuliza nakaa na nani nyumbani. Tangu nilipomzika mume wangu, yeye ndiye wa kwanza kuniuliza."

Safu yangu ya leo gazetini nilikuwa nimeshaipanga kichwani, juu ya ubaridi wa Waingereza. Nikainamia mfuko wangu, nikajifanya natafuta kadi ya basi.