Sweta ya Kahawia Nyuma ya Goli

Kaka yangu alitutumia picha moja tu kutoka Ucheki. Amesimama nje ya uwanja wa mpira, amevaa sweta ya kahawia ambayo Mama alimfumia kwa mkono wake. Aliandika kwamba amepata kazi ya kufagia viti baada ya mechi, tusiwe na wasiwasi. Kisha simu yake ikanyamaza, na miaka ikapita.

Katika ukoo wetu, mtu akipotea na maiti isipatikane, huzikwa shina la mgomba badala yake. Mgomba wenye urefu wa mtu hukatwa, hufungwa kitambaa, huwekwa kaburini, na matanga yanaisha. Kama aliyepotea hakuacha mtoto, mgomba wake lazima uwe haujazaa. Desturi hiyo tulikuwa nayo Congo na tulirudi nayo hapa Mururu pamoja na masufuria. Baba mdogo, mkubwa wa familia tangu baba afariki, alikwishachagua mgomba shambani kwake Gashonga. Alisema nyumba yenye mtu asiyezikwa haitulii.

Mama alimsikiliza mpaka mwisho. "Hamutazika mugomba na mutoto wangu iko muzima," alimjibu, akarudi kuchambua maharage.

Julai ligi kuu ya Ucheki ilipoanza, Mama akagundua kwamba dishi letu lina chaneli inayoionyesha kila Jumamosi. Mimi huvuka daraja la Rusizi ya pili kila asubuhi kwenda kuuza nyanya Bukavu, upande wa Congo, na sasa Jumamosi ikabidi nirudi mapema kwa sababu yeye na rimoti hawaelewani. Nilinung'unika sana. Mama ambaye hakuwahi kujua kipa ni nani, leo anataka mpira wa Wacheki. Wateja wangu walicheka hadi wakashika mbavu.

Mechi zilianza saa tisa, kwani wakati wa kiangazi chao saa yao na yetu ni moja. Jua likipiga uwanjani kwao, linapiga na mlangoni kwetu. Jumamosi moja ya Agosti Mama alishika mkono wangu na kuninyooshea kidole upande wa kona, nyuma ya goli, penye viti vitupu. Alikuwepo mtu mmoja, peke yake, katika sweta ya kahawia, wakati watazamaji wengine walikuwa wamevua mashati kwa joto. Kamera ikapita. Nikamwambia Mama kwamba sweta za kahawia duniani ni nyingi.

Wiki iliyofuata ilikuwa timu nyingine, mji mwingine, uwanja mwingine. Mtu yule alikuwa palepale, nyuma ya goli, upande wa kona. Nilisema labda ni shabiki anayezunguka, lakini sauti yangu mwenyewe haikunisadikisha. Goli likiingia watu wote wanasimama, yeye anabaki amekaa.

Mama akawa mtaalamu. Alijua nani anaongoza na nani ananusa kushuka daraja. Alipendelea timu za mkiani, kwa sababu viwanja vyao vina viti vitupu vingi na kaka anaonekana vizuri. Kamera ikigeuka upesi alimkemea mpiga picha kama anavyokemea mbuzi. Kusema kweli, nilimwonea wivu kwa furaha ile, na papo hapo niliiogopa.

Baridi ilipofika, saa yao ilirudi nyuma na mechi zikaanza saa kumi. Theluji ilirundikwa kando ya uwanja. Watazamaji walijifunga mablanketi, na kila kinywa kilitoa mvuke. Nilimtafuta mtu wetu nikamwona, sweta ileile, bila koti. Hakuwa na mvuke. Nilikodoa macho mpaka yakaniwasha. Watu wa safu za jirani walipumua mawingu meupe, lakini mbele ya uso wake hewa ilikuwa safi. Nilimwambia Mama chai inapoa, nikaenda jikoni na kukaa huko hadi mechi ilipoisha.

Desemba ligi ilisimama kwa ajili ya theluji. Mama aliendelea kukaa mbele ya televisheni iliyozimwa kila Jumamosi, akazidi kukonda. Baba mdogo alikuja kutuarifu kwamba mgomba unakaribia kutoa mkungu, na ukizaa haufai tena. Mama aliomba asubiri msimu uishe. Nilitegemea ugomvi, lakini baba mdogo alitazama kile kioo cheusi, akakubali, akasema atachagua mgomba mwingine mchanga, akaondoka bila kumaliza soda.

Ligi iliporudi, mtu wetu alikuwa ameshuka. Kila Jumamosi alikaa safu iliyo chini zaidi, karibu zaidi na sisi. Nikawa nasogeza kiti changu nyuma. Mama alisogeza chake mbele.

Mechi ya mwisho ya Mei ilikuwa ya timu mbili za mkiani, itakayoshinda ndiyo itakayobaki ligi kuu. Filimbi ilipolia, watu waliruka uzio wakajaa uwanjani. Yeye alibaki kwenye uzio, amesimama kwa mara ya kwanza, ametuelekea. Alinyoosha mkono wa kulia, akaushika kwa wa kushoto karibu na kiwiko, tunavyowasalimu wazee wetu. Mbele yake hapakuwa na mtu. Mama aliinuka akaweka kiganja chake kwenye kioo, akakiacha hapo mpaka matangazo yakaanza.

"Pigia papa mudogo," alisema. "Mugomba ukatwe."

Niliuliza kama ana hakika kwamba yule ni kaka. Alikaa kwanza, akajifuta uso kwa pembe ya kitenge.

"Niliona tangu ile baridi. Batu bote banatoa moshi mu kinywa, yeye hapana. Nilikuwa nataka tu amalize saison ya mpira."

Nililia, yeye hakulia. Mgomba ulifika asubuhi, ukiwa bado unatoa maji mahali ulipokatwa. Baba mdogo alikuwa ametayarisha kitambaa cheupe, lakini Mama alikikataa. Alileta blanketi zito la kitandani kwake, akauzungushia mgomba mara mbili hadi juu, akasema kule alikokuwa, sweta peke yake haikutosha.