Watu Wasiojulikana wa Kivuko cha Threadgill

Otha Threadgill alikuwa mtu wa barabara. Idara ya barabara ya wilaya yetu ya Pruitt, huku Alabama, ilimwajiri akiwa na miaka ishirini na saba, ikampa koleo, fulana ya rangi ya chungwa na mashine ya kufyeka majani. Kwa kuwa mkono wake ulikuwa mtulivu, wakamwachia na vibao vya kumbukumbu. Vilikuwa kumi na saba, vyote kando ya barabara inayofuata mto Oakassee, kila kimoja bamba zito lenye herufi zilizoinuka. Kimoja kilisema jenerali fulani alipiga kambi hapo akielekea vitani. Kwamba alikuwa anakwenda kushindwa, hilo kibao hakikusema, naliongeza mimi. Kingine kilisifu ghala la pamba, kingine nyumba ya hakimu, na kingine mti ambao ulikuwa umeshakatwa kabla Otha hajazaliwa.

Kazi ya vibao si ya kuchekea. Malori huvigonga, mafuriko huvilaza, na kila msimu wa kuwinda paa, waliokosa paa humalizia risasi zao kwa jenerali. Otha aliziba matundu, akapiga msasa, akapaka rangi, akaisimamisha nguzo upya kwa zege na pimamaji mpaka ikae wima kabisa.

"Jenerali wako kalala chali tena," Junius Peake, mwenzake wa gari moja kwa miaka kumi na tisa, alikuwa akimwambia Otha. "Muache apumzike, bwana. Kachoka huyo tangu enzi za vita."

"Nikimuacha, kesho tutatumwa kumwamsha. Shuka, lete zege."

"Na wa kwetu watawekwa lini? Au sisi huku hatukufanya chochote?"

Otha alicheka, maana Junius hana dogo. Lakini swali hilo lilimkaa rohoni miaka yote, kwa sababu kuna mahali palipostahili kibao na kila mtu mweusi wa mtoni alipajua. Ni pale penye bonde la chini, ambapo babu yake, Luther Threadgill, alikuwa akivusha watu kwa pantoni.

Habari yenyewe ni fupi. Mwaka 1931, mto ukiwa umefura, vijana watatu wa kizungu walimtaka Luther awavushe. Akakataa, akasema maji yatawaua wote. Mmoja akampiga kofi, Luther akamsukuma, kijana akaangukia majini mbele ya watu. Akatoka amelowa, watu wakacheka, na kicheko hicho ndicho kilichomponza Luther. Siku ya pili yake walimfuata kwenye pantoni. Maiti yake ilionekana baada ya siku tisa, chini kabisa ya mto. Mahakama ikaandika kwamba alikufa mikononi mwa watu wasiojulikana, ikafunga daftari.

Otha alipofika miaka hamsini na minane, kanisa lake la Mount Nebo lilipeleka maombi ya kibao, na kamati ya historia ya wilaya ikakubali. Alilia siku ile, hakuona haya kulia. Ila palikuwa na mambo mawili. Kamati ilisema jina lolote litakaloandikwa kwenye bamba sharti liwe na ushahidi. Na ukingo wa barabara pale ni mwembamba, kwa hiyo nguzo ingesimama kwenye malisho ya Rawls Hatchett, naye lazima asaini.

Hatchett hakuwa mtu mbaya, na hiyo ndiyo ilikuwa taabu yenyewe. Kila kiangazi alimletea shangazi yake Otha tini na nyanya, akamwita Shangazi Zipporah, ingawa hakuwa shangazi yake hata kidogo. Na watu walikuwa wakinong'ona tangu zamani kwamba babu yake alikuwa mmoja wa wale watatu.

"Sitaki ubaya na mtu, Otha," alisema, ameegemea lango la malisho. "Babu yako alionewa, nasema mwenyewe kwa kinywa changu. Lakini wote wamekufa. Karatasi ya mahakama imesema wasiojulikana. Tuandike hivyo hivyo, nasaini sasa hivi, na nguzo chimbia popote unapotaka."

"Na tukiandika majina, Bwana Hatchett?"

"Majina yapi?" Aliuliza kwa upole, huku akiwatazama ng'ombe wake.

Kamati ilitaka maneno ya mwisho ifikapo Ijumaa. Yasipofika, nafasi ingekwenda kwa kanisa jingine na Otha angesubiri miaka. Shangazi Zipporah alikuwa na miaka tisini na minne. Hakubaki mtoto mwingine wa Luther duniani, na Otha alitaka aione siku hiyo kwa macho yake.

Alimkuta barazani akikata bamia.

"Shangazi, nipe majina. Ukiapa kwamba uliwaona, kamati itabidi iyapokee. Hata Hatchett akigoma, tutatafuta kiwanja kingine."

"Sikuwaona. Nilikuwa nyumbani."

"Lakini unawajua."

Bibi kizee aliendelea kukata bamia mbili tatu. "Niliwajua kwa mashati," akasema.

"Mashati gani, Shangazi?"

"Si unajua Mama alikuwa akiwafulia wazungu? Basi asubuhi baada ya wao kumchukua, baba yangu bado hajaonekana, kapu likaja kutoka kwa akina Hatchett. Mlikuwa na mashati matatu. Mawili ya ndugu wawili wa nyumba hiyo, la tatu la binamu yao. Tope la mto mpaka kwenye viwiko, na damu kwenye mikono. Mama ndiye aliyekuwa akishona vifungo vyao, alizijua zile nguo kuliko wenyewe. Alisimama akayatazama muda mrefu. Halafu akaniambia, Zip, washa moto."

"Akayafua?"

"Akayafua. Akayatia wanga, akayapiga pasi. Mimi nilikuwa na miaka kumi na mmoja, nikashika upande mmoja wa kapu, tukawapelekea. Walikuwa wamekaa mezani wanakula. Mama akasema, asante, bwana, akapokea alichopewa. Tukarudi."

Damu ilimpanda Otha kichwani. "Aliwezaje, Shangazi? Damu ya mume wake mwenyewe! Aliwezaje kusema asante?"

"Usinipandishie sauti kwenye baraza langu."

"Nataka kujua tu aliwezaje!"

"Alikuwa na watoto wanne kwenye nyumba isiyokuwa yake." Aliweka kisu chini. "Sasa sikia. Nikiapa, wataniuliza nimejuaje. Nisimame mbele ya watu nimtangaze Mama? Thubutu! Baba yangu msifuni mpendavyo, alikuwa mwanamume kweli. Lakini Mama muacheni."

Otha aliondoka bila kula, jambo ambalo hakuwahi kulifanya nyumbani kwa shangazi yake. Bibi Arzula, huyo mama yake Zipporah, ndiye aliyemlea. Ndiye aliyemfundisha kusali, na mikono yake ilinuka sabuni mpaka alipokufa. Sasa kila alipoikumbuka mikono ile alimkasirikia, akajichukia kwa kumkasirikia, kisha akamkasirikia tena. Jumatano na Alhamisi alifyeka majani kwa hasira, mpaka Junius akaacha utani.

Ijumaa saa sita mchana, kwa shingo upande, aliiweka karatasi yenye maneno aliyoyataka Hatchett juu ya boneti ya gari ili asaini.

"Jina la babu yako litakuwepo," Junius alimwambia. "Hilo hawalifuti tena."

"Na yao hayatakuwepo."

"Hayatakuwepo. Saini, ndugu yangu, wanafunga ofisi."

Bamba lilikuja baada ya miezi mitatu. Otha alichimba shimo mwenyewe, hakutaka koleo la mtu mwingine. Alitia zege, akapima kushoto, akapima kulia, akarudia mara nne. Kati ya vibao vyote alivyowahi kusimamisha, hicho ndicho kilichokaa sawasawa kuliko vyote.

Jumamosi ya kukizindua, kanisa zima lilikuja na viti, kambale wa kukaanga na mikate ya mahindi. Shangazi Zipporah alivaa nyeupe na kofia yake ya Pasaka. Hatchett naye alikuja, amechana nywele vizuri. Alipoona jua linampiga bibi kizee, alifungua mwavuli wake mwenyewe akasimama nyuma yake kumkinga.

Mchungaji alivuta kitambaa, akamwita Otha. Kwetu anayesoma bamba ni mtu wa ukoo.

Alisoma jina la babu yake kwa furaha. Alisoma habari ya pantoni, na mto uliofura, na jinsi Luther alivyokataa kuwapeleka watu kwenye kifo. Kisha akafika kwenye mstari ule, akasimama.

Majina matatu yalikuwa ulimini. Alikuwa nayo sasa, hakuna tena aliyeweza kumwambia ni uvumi. Angeyasema tu, kipaza sauti kingeyafikisha mpaka ng'ambo ya mto. Alimtazama Hatchett, mwavuli mkononi. Alimtazama shangazi yake, ambaye alikuwa ameinamisha kichwa akijitazama mikono. Aliwafikiria watoto wa kanisa waliopanga kuimba, na ile nguzo iliyosimama ndani ya ardhi ya mtu anayeweza kuing'oa kesho. Watu walidhani amezidiwa na machozi. Mama mmoja akasema, "Mpe nguvu, Bwana."

"Mikononi mwa watu wasiojulikana," Otha akasoma.

"Amina," wakaitikia.

Watoto waliimba, na watu wakapiga picha. Hatchett alikuja na mkono umenyooshwa, macho yamemlowa, na nadhani hakuwa akiigiza.

"Umelifanya kwa heshima, Otha. Kwa heshima kabisa."

Otha aliupokea mkono ule. Akamjibu, kisha akaenda kumbeba shangazi yake kumpandisha garini.

Walikaa garini, milango imefungwa. Nje watu walikuwa wakipakuliana kambale na kucheka. Otha alishika usukani wala hakuwasha gari, na alijisikia mchafu kama hajawahi kujisikia maishani mwake.

"Alikushika mkono," Shangazi Zipporah akasema.

"Ndiyo, Shangazi."

"Ukamwambiaje?"

"Nilimwambia, asante, bwana."

Bibi kizee alitikisa kichwa taratibu, bila hasira. Akaivua kofia yake ya Pasaka, akaiweka mapajani.

"Basi," akasema, "usiniulize tena Mama aliwezaje."