Kitambaa cha Kijani Juu ya Paneli

Watu wengi hufikiri frigo hutengeneza baridi. Haitengenezi. Wakati wa Zaire, tulipokuwa bado tunaitana citoyen, yaani raia, nilikuwa muuguzi wa dispensari ndogo kwenye barabara ya Simi-Simi, iendayo uwanja wa ndege, na kila Jumatano, siku ya chanjo, niliwaeleza akina mama jambo hilo. Nilimwomba mmoja wao aweke mkono nyuma ya frigo, pale penye vyuma vyembamba.

Siku moja aliyekubali alikuwa muuza samaki kutoka Yanonge, kijiji cha mtoni, na mtoto wa kike mgongoni. Mtoto alikuwa na miezi saba. Sindano ya surua ilimtaka afikishe tisa.

"Dokta, frigo yako iko na homa," alisema, na wenzake wakacheka.

Nilimwambia joto lile lilikuwa ndani, pamoja na chupa za chanjo. Mashine hulivuta na kulisukuma nje, kama mtu anayechota maji kwenye mtumbwi unaovuja. Akipumzika, maji hurudi. Nguvu ya kuchota ilitoka kwenye paneli mbili za jua zilizokuwa juu ya bati, upande wa barabara, na betri zilitunza ya usiku na ya siku za mawingu.

"Na jua ikikataa siku mingi?"

"Betri zinavumilia siku tatu, mama. Usiwe na hofu."

"Bon. Nitarudi na mutoto wangu."

Wiki aliyotakiwa kurudi, tuliambiwa mgeni mkubwa angetua na kupita barabara yetu. Jumamosi, kwenye salongo, kazi ile ya lazima ya mtaa mzima, tulifagia, tukakata majani, kisha kikaletwa kitambaa cha kijani cha chama tawala, kirefu na kizito, chenye sura ya Rais katikati. Kilitandazwa juu ya bati letu ili wapitao kwa gari wakione. Ngazi niliishika mimi. Niliona paneli zikifunikwa, nikahesabu moyoni: mgeni ni kesho, betri zina siku tatu. Niliendelea kuishika ngazi.

Jumapili ndege haikuja. Jumatatu haikuja. Jumanne asubuhi nilikwenda kwa mkubwa wa chama wa mtaa, mzee mpole ambaye wajukuu wake niliwachanja mwenyewe.

"Papa, tukikunje kidogo upande mmoja, paneli zipate jua. Chanjo zitaharibika."

"Citoyen, ile kitambaa iko na sura ya nani?"

"Ya Rais, papa."

"Alors. Ukikunja, utakunja sura. Wewe unajua kueleza, kweli. Wale ba-bwana wa usalama, utawaeleza mambo ya betri?" Alinishika bega. "Ngoja, mwanangu. Kesho atakuja."

Nilifikiria kuzipeleka chupa hospitali ya mjini katika kisanduku cha baridi. Lakini barafu ya kisanduku hicho iligandishwa na frigo hiyo hiyo, na ilikuwa imekwisha kuwa maji.

Jumatano niliweka mkono nyuma ya frigo. Vyuma vilikuwa baridi. Ndani, kipimajoto kilikuwa kimepanda hadi joto la chumba.

Yule mama alikuwa wa kwanza kwenye benchi, mtoto amevalishwa gauni jipya. Nilimwambia chanjo hazifai tena, kwa sababu frigo ilikosa jua. Alitoka mlangoni, akatazama juu. Wiki nzima hapakuwa na wingu.

"Dokta," alisema polepole, "jua haikukataa."

Alikitazama kitambaa, kisha mimi, kisha akamfunga mtoto mgongoni na kuondoka.

Chanjo nyingine zilichukua miezi kufika. Surua ilifika kabla yazo, ikapanda mto kijiji kwa kijiji, na mtoto wa Yanonge hakupona. Kitambaa kilikuwa kimeshaondolewa zamani. Mgeni hakupita kwetu.

Mwaka uliofuata mama yule alirudi na mtoto mwingine, mchanga bado, kwa chanjo zake za kwanza. Sikumwita mtu kuja kuona frigo siku hiyo. Alikwenda mwenyewe hadi nyuma yake, akaweka kiganja kwenye vyuma, akakiacha pale muda mrefu.

"Iko moto," alisema.

Ndipo akamfungua mtoto.