Lango la Bombwe

Nilisoma mpaka darasa la tatu, kwa hiyo mtu asitafute maneno makubwa hapa. Ninachojivunia ni kichwa changu. Kila aliyekuwa kwenye ile harusi ya Homa Bay namjua kwa jina lake, la baba yake, na lile la utani alilopewa alipokuwa akichunga mbuzi. Mjukuu wangu amenikataza kuyaandika, watu wasije wakatushitaki. Basi nitasema tu mzee fulani, mama fulani, mtanielewa.

Mjukuu mwenyewe ni binti ya mwanangu wa kiume. Mwanangu ni mwalimu mkuu, mtu wa suti hata siku ya jua kali, na alitaka binti yake awe mwalimu pia. Msichana alipomaliza shule akaja kwangu Sindo, akasema anapumzika kidogo. Asubuhi ya tatu nilitoka nje nikakuta ukuta wa nyumba yangu umepakwa udongo mwekundu chini, mweupe juu, na masizi yamezungushwa kwenye madirisha kama wanja kwenye jicho. Nilishtuka. Ukuta ule mimi nilikuwa nausiriba ili upepo usipite, basi. Sasa watu wa boda boda walikuwa wanapunguza mwendo kuutazama. Haikupita wiki, mke wa mwenye mashua akamwita akampambie sebule, naye akalipwa. Kulipwa kwa kupaka udongo, kitu ambacho mimi nilikuwa napigiwa kelele nikichelewa kukifanya.

Kisha akaanza kuokota magamba ya mbuta ufukweni, pale wanawake wanapoparia samaki. Aliyaloweka, akayasugua kwa sabuni na ndimu mpaka harufu ikakata, akayatia rangi, akayatoboa, yakawa hereni. Nikashtuka tena. Mimi ni Msabato wa zaidi ya miaka hamsini, shemasi, na sikio langu halijavaa kitu tangu nitoke kwenye maji ya ubatizo. Nikamwambia hereni zake hazitalala nyumba moja na mimi.

"Dani," akasema, maana ndivyo wajukuu wanavyotuita bibi zao, "kwani zinakoroma?"

Siku mbili baadaye nilikuwa nimekaa naye mkekani namtungia, kwa sababu yeye uzi ukikataa mara moja anautupa, na vidole vyangu vilitunga shanga kabla havijashika kalamu. Nilijiambia kutunga si kuvaa.

Akapata chumba Migori mjini. Upande mmoja mapazia na mito ya viti, upande mwingine mikufu na hereni kwenye ubao, na juu ya mlango maandishi kwamba anapamba harusi. Baba yake akaja kuona. Alizunguka humo mikono imefungwa nyuma kama anakagua bweni. Hakugusa kitu. Akasema, mimi nikiwa nimekaa palepale, kwamba chuo cha ualimu kimempa binti nafasi, na kwamba anamwachia harusi moja kubwa tu. Ikienda vizuri, hatafungua mdomo tena. Ikileta aibu, duka lifungwe na sanduku lifungashwe. Msichana akaitikia, "Sawa, Baba," lakini niliona mkono wake umeshika pazia kama mtu anayeshika mlingoti.

Harusi kubwa ikaja. Bibi harusi alikuwa mtoto wa Wasabato wa Homa Bay, Wajaluo kama sisi. Bwana harusi alikuwa Mkuria wa Isebania, wa ukoo wa Wakatoliki wafanyabiashara, naye alikuwa amebatizwa Usabato mwaka huohuo ili ampate. Mambo yote yangefanyikia nyumbani kwa baba ya bibi harusi, kwenye kiwanja kinachotazama ziwa, siku ya Jumapili.

Wasabato walisema mapema kwamba bibi harusi hatavaa kito chochote. Nilidhani mjukuu wangu atanuna. Hakununa. Vito vyote tulivyotunga akavivalisha meza. Mikufu ikazunguka mishumaa, hereni zikaning'inia kwenye pindo za mapazia ya tenti, na kila kitambaa cha mezani kikafungwa kwa ua la magamba. Bibi harusi shingo tupu, meza zimejipamba. Mchungaji wetu alizunguka zile meza mara mbili, asijue kama ni dhambi.

Tatizo lilikuwa maua. Yalifika kutoka Nairobi Ijumaa alasiri, kwenye masanduku, yakawekwa stoo. Jua likazama, Sabato ikaingia, na baba ya bibi harusi akafunga stoo kwa kufuli. Hakuna kazi kwake mpaka jua la Jumamosi lizame. Na lilipozama tulipanga viti tu, maua tukayaacha ndani yasinyauke, tukidhani humo yako salama. Alfajiri ya Jumapili masanduku yakafunguliwa. Maua yalikuwa yameiva kwa joto, yananata mkononi kama mboga iliyosahaulika jikoni.

Mjukuu wangu alikaa chini, juu ya nyasi. Hakulia. Angelia ningejua la kufanya. Lango la tenti, pale maharusi watakapopita, lilikuwa nguzo tupu za chuma zenye kutu. Nikamwambia, na maneno haya ni yangu, sitamsingizia mtu: mbona unalilia majani ya kununua, na huko nyuma ya zizi kijani kinamwagika bure? Kakate.

Akainuka na wasaidizi wake wawili, wanawake wa Migori, mmoja Mkuria na mwingine Mluhya, wakaenda na visu. Mimi nikarudi ndani kumalizia vitambaa.

Nilitoka saa tatu, watu wameanza kufika. Lango lilikuwa zuri, lazima niseme hivyo. Mmea mrefu ulipanda nguzo moja, ukapita juu, ukashuka nguzo ya pili ukiacha ncha zake zinacheza na upepo wa ziwa. Ungesema umeota hapo miaka. Nikasogea karibu niguse jani. Nikaurudisha mkono.

Ilikuwa bombwe.

Kwetu kila mtu wa umri wangu anaijua bombwe. Mzee akifa, wanaume wanajiviringisha mmea huo kichwani na shingoni, wanatoka na ng'ombe na mikuki kwenda kukifukuza kifo. Ukiona bombwe imevaliwa, unauliza nani amekufa. Lakini mjukuu wangu amekulia kwenye nyumba za walimu. Kilio anachokijua yeye ni cha viti vya kukodi na vipaza sauti. Na wale wawili wangejuaje, si wa kwetu. Wa kujua nilikuwa mimi, na mimi ndiye niliyesema kakate.

Kabla sijamfikia mjukuu wangu, wazee wa bibi harusi walikuwa wameshuka kwenye gari. Mbele yao alikuwa kaka mkubwa wa baba yake, mzee wa fimbo. Ni Msabato huyo, lakini kuna mambo ambayo ubatizo huyalowesha juujuu tu. Alifika langoni, akainua uso, akasimama. Wote nyuma yake wakasimama. Akauliza kwa sauti ya chini ni nani aliyemfia ndugu yake na yeye hakuambiwa.

Mjukuu wangu alikuja mbio akitabasamu, akidhani anasifiwa. Akaelezwa. Akaruka kuivuta ile mimea ishuke, na mzee akamzuia kwa fimbo. Kifo kikishasimamishwa mlangoni, alisema, hakiondolewi kwa kung'olewa kama magugu. Wao wanarudi nyumbani. Harusi ya namna hiyo hawaitii mkono.

Wazee wa bibi harusi wakiondoka, hakuna harusi. Hakuna wa kumkabidhi mtoto. Na habari ingefika Sindo kabla ya chakula cha mchana, ikafika Isebania kabla ya jioni. Nani angemwita tena mjukuu wangu amfungie hata pazia? Nilimtafuta mwanangu kwa macho. Alikuwa amesimama kando na suti yake, anamtazama binti yake, na uso ule niliusoma kama nilivyousoma alipokuwa mtoto. Duka lilikuwa limeshafungwa.

Wageni wa Isebania nao walikuwa wamefika, wamesimama juani. Shangazi mmoja wa bwana harusi akamwambia mwenzake kwa Kiswahili, ili sisi tusikie, "Wajaluo hawa, hata mlango wa tenti una mahari yake."

Sijui nilipata wapi miguu. Nilijikuta mbele ya yule mzee.

"Jaduong'," nikasema, yaani mzee wa heshima, "bombwe si ya kilio peke yake. Ni ya mapacha pia."

"Najua ni ya mapacha. Mapacha wako wapi hapa?"

"Mimi ni mama wa mapacha."

Akanitazama vizuri. "Uliimbiwa?"

Swali hilo hakuna aliyewahi kuniuliza. Kwetu mama akizaa mapacha hukaa ndani nao, hatoki hivi hivi, mpaka watu waje wamevaa bombwe, waimbe matusi ya kuchekesha, ya chini ya kiuno, wamtukane na kutukanana mpaka aibu yote iishe, ndipo wanamtoa nje na watoto. Mimi nilikuwa nimebatizwa karibuni. Mama mkwe wangu alikuja na wanawake wenzake wakaimba mlangoni siku tatu. Nilifunga mlango nikasoma zaburi kwa sauti. Siku ya nne nilitoka mwenyewe, nikaenda kliniki.

"Sikuimbiwa," nikamwambia.

"Na watoto wako hai?"

Nikamwonyesha mwanangu. "Wako hai. Huyo mmoja, dada yake yuko kwa mumewe. Mwalimu. Msichana aliyepamba ni wake."

Mzee akamtazama mwanangu, akamtazama msichana. Wenzake wakamsogelea, wakanong'ona. Kisha akasema neno ambalo mpaka leo linanishtua.

"Basi hujatoka nyumbani tangu siku ile. Wewe na huyu. Tokeni leo, nasi tutaingia."

Nilielewa anachotaka. Mchungaji wangu alikuwa mita kumi kutoka pale, na Biblia kifuani. Nilimtazama yeye, nikamtazama mjukuu wangu ambaye hakuelewa hata nusu, ameshika jani lililokatika. Nikafungua mdomo.

Maneno sitayaandika. Nitasema tu kwamba nilianza na pua ya yule mzee, nikashuka. Nilidhani nimeyasahau, kumbe zile siku tatu nilikuwa nimeyasikia yote kupitia mlango, na zaburi haikuziba hata moja. Yalitoka kwa mpangilio wake, na makofi ya mama mkwe wangu nje ya mlango nilikuwa kama nayasikia. Mzee akanijibu ubeti kwa ubeti, fimbo juu, na majibu yake yalikuwa mabaya kuliko yangu. Wanawake wa makamo wakaanza kupiga vigelegele. Mchungaji akafungua Biblia akasoma kwa bidii sana.

Wanawake wakamwendea mwanangu. Alirudi nyuma hatua mbili, akasema yeye ni mwalimu mkuu. Mama mmoja akamjibu kwamba hata mwalimu mkuu alizaliwa uchi. Binti yake mwenyewe ndiye aliyepanda kiti, akakata ncha ndefu ya bombwe kutoka kwenye lango alilolitengeneza, akaizungusha shingoni mwa baba yake, juu ya tai. Hakuna aliyemwelekeza. Tukapita chini ya lango, mimi na mwanangu, wazee wakatufuata, na Wakuria wakaingia nyuma wakicheza ngoma wasiyoijua, wakidhani ndivyo tunavyokaribisha wageni.

Harusi ikaendelea. Mwanangu alikula na bombwe shingoni, kwa kuwa mzee alimwambia asiivue mpaka jioni. Habari ya duka hakuigusa siku hiyo, wala wiki hiyo. Binti yake alikaa Migori hajui kama afungashe sanduku au la, naye aliogopa kuuliza. Nami baraza la kanisa likaniita, likanivua ushemasi kwa miezi sita. Sikubisha. Nilikuwa nimeimba kweli.

Wiki ya pili simu ikalia. Alikuwa pacha wa mwanangu, binti yangu aliyeolewa Isebania, mwanamke mwenye wajukuu wake. Alikuwa amesikia sokoni. Alinifokea kama hajawahi kunifokea. Mapacha hutolewa pamoja, alisema, na sisi tumemtoa mmoja tukamwacha yeye ndani. Alitaka lango lake, nyumbani kwake, na aliyepamba la kwanza apambe na la pili.

Sikujua nimwambie nini mwanangu. Kumbe dada yake alishampigia kabla yangu. Siku ya lango la pili nilifika Isebania nikakuta mjukuu wangu yuko juu ya ngazi mlangoni kwa shangazi yake, mdomo umejaa nyuzi, anafunga bombwe kwenye nguzo. Baba yake alikuwa chini. Alikuwa amevua koti, kitu ambacho sijakiona tangu aanze kazi, na ameshika ngazi kwa mikono miwili, anamwambia upande wa kushoto umezidi.

"Baba, usitikise," akasema msichana.

"Sitikisi. Funga vizuri, watu watakuja kuona kazi yako."