Jinsi Nilivyomfundisha Rafiki Yangu Marekani

Niliishia kidato cha pili, Unguja, miaka kumi na kitu baada ya Mapinduzi. Yaliyobaki nilijisomesha mwenyewe, mengi yake katika maktaba ya Walthamstow, hapa London, nilikokwenda kila nilipofunga kibanda changu cha kuchonga funguo na kupiga visigino vya viatu. Nasoma kwa utaratibu: mada moja kwa mwaka, kitabu baada ya kitabu, daftari pembeni. Mwaka wa Marekani ulikuja kwa sababu nilitaka kuhamia huko.

Sisi tuliozaliwa Zanzibar tuliruhusiwa, hata tukiwa London, kuingia katika bahati nasibu ya viza ya Marekani. Nilikuwa na rafiki tuliyekua naye mtaa mmoja. Hapa London alipakia vifurushi ghalani na alipanga chumba cha juu nyumbani kwetu. Kila mwaka nilijaza fomu zote mbili, yangu na yake, maana yeye hana subira na karatasi.

"Wewe andika tu, yakhe," alikuwa akisema. "Mimi kazi yangu kupanda ndege."

Mwaka wa nne likatoka jina langu. Mke wangu alianza kugawa masufuria.

Sasa, dada yangu hakujaaliwa mtoto. Binti yetu wa kwanza alipoacha ziwa tulimpa yeye amlee, kama wanavyopeana ndugu kwetu, na tangu siku ile hatukumhesabu tena. Ukiulizwa una watoto wangapi ukamtia na yule, ni kama umemnyang'anya dada yako. Maelekezo ya fomu yalisema niandike watoto wote, hata wasiokaa nami. Niliyasoma mara tatu, kisha nikaandika wawili. Ubalozini ofisa aliniuliza kama niliwahi kupata mtoto mwingine. Nikasema yuko mmoja, nimempa dada yangu. Akaweka kalamu chini. Fomu iliyoacha mtoto haifai, ndiyo sheria, na aliieleza kwa upole.

Mwaka uliofuata likatoka jina la rafiki yangu. Fomu yake niliijaza mimi kwa mkono huu huu. Hakuwa na mke wala mtoto. Hapakuwa na pa kukosea.

Nilimbebea sanduku hadi Heathrow, na njia nzima niliomba. Sikuomba ndege ianguke, la. Niliomba waone kasoro katika karatasi zake wamrudishe, na tule wali pamoja jioni kama kawaida.

Alifika Ohio, akajifunza kuendesha lori, na baada ya muda akaanza kuleta picha: nyumba yenye banda la gari, friji ya milango miwili. Mke wangu aliikuza picha kwa vidole ili alitazame jiko vizuri.

"Jiko lote hili," alisema, "la mwanamume asiyejua hata kukaanga yai." Hakuniangalia.

Miaka mitano ilipotimia alinipigia Jumapili moja jioni.

"Sheikh, naomba uraia. Nikiupata namleta mama."

Mama yake yuko peke yake Unguja, mtaa wa Ng'ambo, na huyu ndiye mtoto wake pekee. Macho yalikuwa yakimfifia, na daktari alishasema hayatapona. Alitaka kumwona mwanawe kabla hayajafunga kabisa.

"Kuna mtihani wa historia yao," akaendelea, "na wewe ndiye mwenye vitabu. Watauliza nini?"

"Yote," nikasema.

Hilo halikuwa kweli, na nilijua. Iko orodha ya maswali, pamoja na majibu yake, imetolewa wazi ili kila mwombaji ajisomee. Mimi nilikuwa nimeipiga chapa zamani, mwaka ule nilipoitwa, na imo ndani ya daftari. Sikuitaja. Nilitaka kumfundisha mwenyewe, na nilijua ninataka kumfikisha wapi.

Basi kila Jumapili, yeye lori limeegeshwa kituo cha mafuta, mimi mezani na daftari, tulisoma. Nilianza na wale waliovuka bahari wakitaka mahali pa kuabudu wapendavyo, ambao ndoto yao haikuwa na nafasi kwa watu waliowakuta. Tukaja kwenye ndoto ya ardhi: kipande cha shamba kwa atakayelilima, shamba ambalo jana lilikuwa la mwingine. Nikamweleza kwamba wakati huohuo walikuwapo watu ambao ndoto yao yote ilikuwa kumiliki mwili wao wenyewe, na kwamba wajukuu wao walidai kukaa popote kwenye basi na kupiga kura. Nikamweleza viwanda, na mamilioni walioshuka melini kutafuta mshahara. Kisha miaka ya baada ya vita kuu ya pili, mfanyakazi wa kiwandani aliponunua nyumba, gari na friji kwa mshahara mmoja. Hapo nilikwenda polepole, maana ndipo nilipotaka kufika.

"Tangu hapo ndoto inateremka," nilimwambia. "Leo watu wanafanya kazi mbili na wanaogopa kuugua kwa sababu ya gharama za hospitali. Zamani ndoto ilikuwa kupanda. Siku hizi ndoto ni kutozama. Wewe, ndugu yangu, umefika karamuni sahani zinaoshwa."

Alicheka mpaka akakohoa.

"Nani kakwambia nilikuja kula? Mimi ndiye ninayeosha, yakhe, na ninalipwa kwa saa!"

Nilifunga daftari mapema siku hiyo. Nilikuwa nimeitengeneza sentensi ile wiki nzima.

Tuliendelea miezi minane. Alichanganya vita na vita, na marais hakuwakamata. Jumapili moja sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka.

"Mimi si mtu wa vitabu. Naahirisha, nitaomba mwakani, au mwaka wa pili. Mama nimeshamwambia asubiri."

Nilisema pole. Kitu cha kwanza nilichosikia kifuani kilikuwa raha, na ninaiandika kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni na kitambaa cha vyombo. Alikuja akafungua daftari langu, akaichomoa ile orodha bila kutafuta.

"Hii si ndiyo anayoihitaji?"

Nilinyoosha mkono niichukue, akaivuta nyuma.

"Mama wa watu anapofuka, na wewe umekalia karatasi," alisema. "Mpigie. Sasa hivi, mimi nikiwa hapa."

Nikapiga. Nilimwambia iko orodha, maswali na majibu, na kwamba hakuhitaji karibu lolote katika tuliyoyasoma. Nilisikia akizima injini.

"Unayo tangu lini?"

"Tangu mwaka ule nilipoitwa mimi."

"Miezi minane," akasema taratibu. "Miezi minane unanitembeza mashambani na wakulima wako." Kisha akaongeza, "Ilete."

Hakuniaga. Nilipiga picha kila ukurasa nikamtumia, nikakagua mara mbili kwamba hakuna uliokosekana.

Jumapili zilizofuata hakupiga. Alikuwa ameshaoa, na mkewe, msichana wa Lamu aliyemkuta hukohuko, ndiye aliyemwarifu mke wangu kwamba amefaulu. Zikaja karatasi za mama, zikachukua muda wake.

Kisha jioni moja simu ikalia, namba yake, lakini sauti ilikuwa ya mama.

"Mwanangu, nimefika. Namwona, kama kivuli, lakini namwona. Ameniambia wewe ndiye uliyemsomesha mpaka akafaulu. Kila wiki, anasema, hukukosa hata moja. Mungu akulipe."

Nilitega sikio nisikie kejeli. Nyuma yake nilimsikia mwanawe akicheka, akimwambia asishike hapo, pana moto. Hapakuwa na kinyongo katika kicheko kile.

"Amin, mama," nikasema.

Nyumba yake nilikwisha kuizoea, na lori, na hata jiko. Lakini neno moja tu angemwambia mama yake, na mama angejua nilivyomfanyia mwanawe, na hakulisema. Hilo ndilo ninalomwonea wivu mpaka leo, kwa sababu mimi, ningekuwa yeye, ningelisema.