Chai Baridi ya Marehemu

Miaka yote ya kazi yake alikuwa fundi wa mafriji, ndiyo maana wakamwita Mzee Baridi. Waliomjua kwa karibu walisema jina hilo lingemfaa hata angekuwa mwoka mikate. Alikuwa mtu wa maneno machache, na hayo machache yalikuwa ya kuuma. Duniani alimpenda mtu mmoja tu bila masharti, naye ni mkewe, na mkewe alikuwa amekwisha kufa.

Kilichobaki cha marehemu ndani ya nyumba hakikuwa kingi. Nguo waligawana dada zake, na picha ya ukutani ilikuwa imepauka hadi uso haujulikani. Ilibaki chai yake. Kila msimu wa joto marehemu alikuwa akitengeneza chai baridi ya matunda, na watu wa mtaani walijifanya wamepita kusalimia, kumbe wamefuata gilasi. Alipofariki, mzee, ambaye hata yai hakuwahi kulichemsha, aliingia jikoni akaanza kuitafuta chai ile kwa kukumbuka alichokuwa akikiona. Alikosea, akamwaga, akakosea tena. Siku aliyoipata ilibidi akae chini kwanza. Tangu hapo, mtu akinywa akasema, "Hii ndiyo chai ya mama," mzee alijibu kwa mguno, lakini moyoni alishiba. Kwake ilikuwa kama mkewe bado anaitwa kwa jina humo ndani.

Halafu mwanawe akahamia pale na mke wake, eti wamekuja kumtunza.

Mwana alikuwa mtu wa kupenda amani, kiasi kwamba vita vikianza huondoka nayo hiyo amani yake akaenda kukaa nje. Mkewe alikuwa mpokezi kwenye kliniki ya meno. Kutwa aliwachekea wagonjwa kwa mshahara, akifika nyumbani tabasamu limekwisha. Yeye na mzee hawakuiva chungu kimoja hata wiki ya kwanza. Wiki hiyo ndiyo mkamwana aliposafisha jiko akayakuta maganda ya nanasi kwenye bakuli, akayatupa. Alidhani ni takataka, na nani asingedhani? Ila maganda yale ndiyo yaliyokuwa yakichemshwa kwa ajili ya chai. Mzee aliyafuata hadi kwenye pipa la taka, akayarudisha mezani, akayapanga mbele ya mkamwana.

Tangu siku hiyo wakawa paka na panya. Mkamwana alinunua unga wa juisi wa pakiti, akawa anakoroga jagi lake na kuliweka mbele kabisa ndani ya friji, la mzee akilisukumia nyuma. Mzee aliuita unga ule maji ya rangi. Mkamwana naye aliibatiza chai ya mzee mchuzi wa maganda, akalisema hilo kwa sauti ya kutosha kuvuka ukuta. Mwana aliulizwa na pande zote mbili yupi ana haki, akajibu kwamba ana safari ya kwenda kunyoa nywele.

Sasa, mama mzazi wa mkamwana aliwahi kuinywa chai ile kwa mkono wa marehemu mwenyewe, siku wazee walipokutana kuzungumzia ndoa. Hakuisahau. Alipotuma habari kwamba Jumapili atakuja na dada yake kuwaona, aliagiza kabisa: asipikiwe makubwa, apewe tu chai baridi ya marehemu. Mkamwana akameza mate machungu, akamfuata mzee barazani, akamwomba amfundishe.

Mzee Baridi alimtazama akaona mlango umefunguka. Akamkaribisha kiti. Akamwita mwanangu, neno ambalo hajawahi kumwita, akaanza kumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Alimwambia achemshe majani ya chai pamoja na maganda na tangawizi, juu ya moto mkali, mpaka maji yawe meusi. Ayaweke majani kwenye kitambaa ayakamue kwa nguvu zake zote. Pasheni na ndimu azitie humo humo maji yakiwa yanatokota, kisha jagi liingie kwenye friji likiwa bado linatoa mvuke.

Hakukuwa na hatua hata moja ya kweli. Marehemu aliyachemsha maganda na tangawizi kwanza, akaepua, ndipo akatia majani kwa muda mfupi tu, na kuyakamua ilikuwa mwiko, maana ndipo uchungu unapotoka. Matunda yalisubiri chai ipoe mezani. Na friji je? Mzee huyu huyu alikuwa akigomba hata sufuria ya wali vuguvugu ikiingizwa humo. Mkamwana alimwangalia kidogo, akauliza kwa upole, "Ikiwa moto, baba?"

"Ikiwa moto," mzee akasema. "Ndiyo siri yenyewe."

Jumapili ikafika na jua la kuunguza. Mama na dada yake, ambaye mkamwana humwita mama mdogo, waliketi sebuleni wakijipepea kwa vifuniko vya vyombo. Mzee alichagua kiti cha pembeni, mahali pa kuona nyuso zote vizuri, kama mtu aliyelipa kiingilio. Mkamwana akaleta jagi. Kilichokuwemo kilikuwa na rangi ya maji ya kufulia, na juu kulielea kitu ambacho hakuna aliyetaka kukiulizia.

Mama alikunywa funda moja akalishikilia mdomoni kwa muda kabla ya kukubali kulimeza. Mama mdogo akakohoa. Mzee Baridi akasikia utamu hadi kwenye magoti.

"Ni ile chai ya marehemu, mama," mkamwana akasema. "Baba mwenyewe amenifundisha. Nimefuata kila neno, sikuongeza wala kupunguza."

Mama akaitazama gilasi yake. "Kumbe ndiyo hii. Basi siku ile labda nilikuwa na kiu tu."

"Mungu amrehemu," mama mdogo akasema, akiisogeza yake mbali. "Si kila mtu amejaliwa mkono wa jikoni."

Mzee akamgeukia mkamwana. Naye mkamwana alikuwa anamtazama tayari, na usoni alikuwa na lile tabasamu la kliniki. Hapo mzee akaelewa. Huyu binti alijua tangu aliposikia habari ya jagi la moto. Asubuhi ameonja, ameona kilivyo, na bado amekileta, tena kwa jina la marehemu. Shimo alilochimbiwa yeye, amemsogeza marehemu ndani yake. Mzee akinyamaza, kufikia jioni ukoo mzima wa upande ule utajua kwamba mkewe hakujua hata kuchemsha chai, na hapatakuwa na mtu wa kumtetea.

Alimchukia wakati ule kuliko alivyowahi kumchukia mtu. Akajichukia na yeye mwenyewe, kidogo zaidi.

"Mke wangu hakuwahi kutengeneza uchafu huu," alisema. "Nimemdanganya huyu. Nilitaka aaibike mbele yenu."

Mwana akakumbuka kwamba simu yake iko chumbani. Mama aliiweka gilasi chini, akamtazama mkwe mwenzake kama mtu anayepima uzito wa nanasi sokoni.

"Basi twende jikoni, baba," mkamwana akasema. "Utuonyeshe ya kweli. Na wote twende, asije akadanganywa mtu tena."

Jikoni nanasi lilikuwa limeshaoshwa, pasheni zimeshapangwa, kisu kiko juu ya ubao. Mzee alimenya huku wanawake watatu wamemzingira, na kila alipojaribu kufanya jambo kimyakimya, mkamwana alimtaka alitaje kwa mdomo. Akataja yote: maganda, tangawizi, kuepua, majani, kutokukamua, kungoja. Mkamwana aliyarudia neno kwa neno, na mama yake akisikiliza kama shahidi. Wakangoja ipoe, wakatia matunda, wakaweka barafu.

Mama akanywa gilasi yote kwa mkupuo mmoja. "Yenyewe," alisema, akafuta midomo na kumshika binti yake begani. "Sasa unaijua, mwanangu. Wageni wako wakija utawapa hii. Mzee naye apumzike na mambo ya jikoni."

Mama mdogo akaomba aongezewe, akasema kweli binti ana mkono mzuri. Mzee Baridi alipewa gilasi yake kama mgeni mwingine yeyote. Aliinywa akiwa amesimama karibu na karo, ikiwa na ladha ile ile, na hakuna aliyemtaja mkewe.